Anayeonekana Aonekane, Anayesema Asikike

Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, juu ya utengenezaji wa video fupi kwa simu ya mkononi



Mara ya mwisho niliposimama mbele ya bwalo hili ilikuwa mwaka 1997, nikiwa kidato cha pili, nilipoitwa kueleza kwa nini sufuria ya maharage ya bweni letu imerudi jikoni ikiwa na tundu. Siku hiyo sikupigiwa makofi. Leo nina matumaini makubwa zaidi.

Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya namna ya kutengeneza, kwa simu, video fupi za kupendeza za kuweka kwenye mitandao ya kijamii. Nadhani alinichagua kwa sababu mimi ni ofisa habari katika halmashauri, na kazi hiyo hunilazimu kushika simu na kupiga picha kila juma. Lakini nisije nikawadanganya. Mimi si fundi wa sinema. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilisoma historia na siasa. Kamera ya simu niliikuta kazini kama mtu anavyolikuta jembe shambani: hakuna maelezo, na palizi inasubiri. Niliyonayo nimeyapata kwa kukosea, na kosa kubwa kuliko yote ndilo nitakaloanza nalo.

Wenzangu wa miaka yetu mnamkumbuka mwalimu wetu wa Historia. Simtaji jina, kwa kuwa aliyefundishwa naye hahitaji kutajiwa. Alifika hapa akiwa kijana, miaka michache baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipozitaka shule ziwe na mashamba na karakana zao. Yeye ndiye aliyewasimamia wanafunzi waliofyatua matofali ya bwalo hili tuliloketi.

Desemba 2019 nilikwenda kumwamkia nyumbani kwake. Nilikuwa na simu mpya, nikaona fahari kuitumia. Nikamkalisha barazani, mgongo wake ukielekea uwanja uliokuwa unawaka jua la saa saba. Upande wa kushoto ilikuwapo migomba, na siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Nikasimama hatua nne kutoka kwake, nikaishika simu mkononi, nikarekodi dakika 41 bila kukata.

Mzee alieleza yote. Alieleza tanuri la kwanza lilivyoporomoka. Akaeleza jinsi vijana kumi na wawili walivyojitolea kulala kando ya tanuri la pili, usiku tatu mfululizo, wakichochea moto usizimike. Akawataja mmoja mmoja, jina la kijana na mahali alikotoka. Nilimsikiliza kwa furaha, nikijua kwamba yote yamo ndani ya simu.

Mwaka 2021 mwalimu wetu alifariki. Siku ya tatu ya msiba watoto wake waliniomba ile video. Tukaunganisha simu na spika, watu wakasogea. Kilichoonekana ni kivuli cheusi cha mtu mbele ya mwanga mweupe. Kilichosikika ni migomba. Kila baada ya muda neno moja lilijitokeza, kisha upepo ukalimeza tena. Ya yale majina kumi na mawili hatukulipata hata moja. Mama, mjane wake, aliitazama kwa kitambo, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu ndiye?"

Ndugu zangu, tangu siku ile nina tafsiri yangu ya video nzuri. Video nzuri si ile yenye nyota zinazomeremeta wala ile inayoibadili sura ya mtu ikawa laini kama sahani. Video nzuri ni ile ambayo anayeonekana aonekane, na anayesema asikike. Huo ni ufundi, lakini kabla ya kuwa ufundi ni heshima kwa yule uliyemweka mbele ya kamera.

Kuna wanaosema video fupi ni upuuzi wa vijana wa siku hizi. Historia haikubali. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha sinema zao mjini Paris mbele ya watu waliolipa kiingilio. Zilikuwa sinema kumi, na kila moja haikufika dakika moja. Mojawapo ilionyesha tu wafanyakazi wakitoka kiwandani mjini Lyon. Kamera ilisimama mahali pamoja, mwanga ulikuwa wa jua, na watu walionekana wazi. Zaidi ya karne moja baadaye, tarehe 23 Aprili 2005, video ya kwanza ya YouTube iliwekwa na Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi wake. Ina sekunde 19. Amesimama mbele ya tembo katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, akizungumzia jambo moja tu: urefu wa mikonga yao. Kisha zikaja TikTok, na mwaka 2020 Reels za Instagram, na leo kila mwenye simu ni mwenye jumba la sinema. Ufupi, basi, si kasoro. Dakika zangu 41 zingekuwa maswali kumi, kila moja na jibu lake la dakika chache, kosa ningeligundua baada ya swali la kwanza.

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Nimeigawa mafungu sita.

La kwanza ni kusudi. Kabla hujaitoa simu mfukoni, sema kwa sentensi moja video yako inataka kumwambia mtu nini. Ukishindwa kuisema, bado hujawa na video. Wazee mliomo humu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi kwa kusikiliza redio, na mafunzo hayo yalichukua ugonjwa mmoja mmoja badala ya kumwaga yote kwa siku moja. Mimi nilisahau somo hilo. Video yangu ya kwanza kazini, iliyohusu kuchemsha maji ya kunywa, ilianza na salamu za viongozi wanne. Maji yalianza kuchemka dakika ya tatu, na wakati huo watazamaji walikwisha kwenda zao. Tuliirudia kwa sekunde 40, tukaanza na sufuria inayotokota na mama akisema, "Yakianza kutokota hivi, usiipue upesi." Wiki iliyofuata watu walinisimamisha sokoni kuniuliza maswali juu ya maji. Mtu anayetazama simu huamua ndani ya sekunde mbili tatu kama atabaki au atapita. Basi kilicho kizuri kiweke mwanzo, na salamu zije mwisho, kama zina lazima.

La pili ni mwanga. Hapa kwetu karibu na Ikweta, jua la kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana huwa juu sana. Huangaza utosi na pua, na kuyatia macho gizani. Mwanga mzuri ni wa saa moja hadi saa tatu asubuhi, na wa saa kumi jioni hadi jua linapokaribia kuzama. Kama huna budi kupiga mchana, mpeleke mtu kwenye kivuli, pembezoni pake, uso ukielekea kweupe. Ndani ya nyumba, mkalishe akitazama dirisha, wala usimpe dirisha mgongo. Ndilo kosa langu la barazani. Simu hupima mwanga wa picha nzima. Ikiona weupe mwingi nyuma hupunguza mwanga wote, na uso wa mtu huzama.

Hapa nina neno mahsusi kwa sisi wenye ngozi nyeusi na mashati meupe ya shule. Kwa miaka mingi filamu za picha zilipimwa kwa kadi zenye sura za wanawake Wazungu, na nyuso nyeusi hazikufikiriwa. Tazameni picha za zamani za madarasa yetu: mashati yanang'aa, na juu ya mashati kuna meno. Simu za leo zimetengenezwa vizuri zaidi, lakini bado shati jeupe huidanganya. Dawa yake ni rahisi. Gusa kwa kidole mahali penye uso kwenye kioo cha simu, nayo itapima mwanga wa uso. Ukiendelea kukandamiza kidole, simu nyingi hufunga kipimo hicho kisibadilike hata wingu likipita. Kisha shusha au pandisha mwanga kidogo kwa kidole hadi ngozi iwe na rangi yake ya kweli. Upande wa uso wenye kivuli ukizidi giza, mtu mmoja ashike shuka jeupe au karatasi kubwa nje ya picha, irudishe mwanga usoni. Hakuna haja ya kununua kitu.

Na kabla ya hayo yote, futa lenzi. Simu inakaa mfukoni pamoja na karanga na funguo, halafu tunashangaa picha ina ukungu. Kitambaa safi cha pamba chatosha.

La tatu ni utulivu na mpangilio wa picha. Simu ikitikisika, mtazamaji huchoka bila kujua sababu. Ukiwa na kile kisimamio cha miguu mitatu ni vema. Usipokuwa nacho, panga matofali mawili, au jaza kopo mchanga uisimamishe simu ndani yake. Ukilazimika kuishika, shika kwa mikono miwili, viwiko vigusane na mbavu, uegemee ukuta au mti. Usivute picha kwa vidole. Kwa simu nyingi huko ni kukuza chembe tu, na picha huchakaa. Sogea kwa miguu.

Video za mitandao hii hutazamwa simu ikiwa wima. Basi piga wima, upana 9 kwa kimo 16, yaani pikseli 1080 kwa 1920. Kwenye mipangilio ya kamera washa ile mistari inayougawa ukumbi wa picha mara tatu, na macho ya mtu yakae karibu na mstari wa juu. Usiweke kitu cha maana chini kabisa wala ukingoni kulia, kwa kuwa hapo ndipo mitandao huweka maandishi na vitufe vyake. Tazama pia kilichoko nyuma ya mtu. Nimewahi kumpiga mgeni rasmi ambaye bomba la maji lilionekana kuota kichwani mwake, na aliyeligundua alikuwa yeye mwenyewe.

Piga kila jambo kwa namna tatu: kwa mbali, ili tujue tuko wapi, kwa kati, ili tujue ni nani na anafanya nini, na kwa karibu, ili tuione mikono, jasho, chombo cha kazi. Kila pigo lishike sekunde kumi bila kuhama. Utatumia tatu au nne tu, lakini huwezi kuzikata kama hukuzichuma.

Neno moja juu ya taa za umeme. Umeme wetu Tanzania hubadilika mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa mara 100. Jicho haliuoni mpepeso huo, ila kamera inayopiga fremu 30 kwa sekunde huweza kuuona, nayo michirizi myeusi hupanda na kushuka kwenye picha. Kama simu yako inaruhusu, chagua fremu 25. Aghalabu michirizi hupungua au kutoweka.

La nne ni sauti, na ningekuwa na uwezo ningelifanya la kwanza. Picha mbaya yenye sauti safi watu huivumilia. Picha nzuri yenye sauti mbovu huachwa. Kipaza sauti cha simu husikia vizuri kilicho karibu. Hatua nne ni mbali mno. Sogea hadi urefu wa mkono. Au tumia waya wa masikioni wenye kipaza sauti kidogo, ukibane kwenye kola. Au fanya kama ninavyofanya mimi: azima simu ya pili, irekodi sauti tu, uitie katika mfuko wa shati wa msemaji, na mwanzoni upige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri utalinganisha kofi la picha na kofi la sauti, na vyote viwili vitakwenda pamoja.

Ujihadhari na upepo, jenereta, kuku, na mvua juu ya bati. Kabla ya kuanza, nyamaza kwa sekunde kumi usikilize tu; utashangaa vitu vingapi vinazungumza. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji hurudisha mwangwi. Chenye magodoro na mapazia huumeza. Bwenini, ndugu wanafunzi, kuna studio bora kuliko ofisini kwangu. Weka simu kwenye hali ya ndegeni isije ikapigiwa katikati. Kisha rekodi nusu dakika ya majaribio, na uisikilize. Naam, uisikilize. Nusu dakika hiyo ndiyo niliyoikosa mwaka 2019.

La tano ni kuhariri. Programu za simuni kama CapCut na InShot zinatosha. Kuhariri ni kazi ya kuondoa zaidi ya kuongeza. Kata "aa" na "yaani" za mwanzo. Kata pale msemaji anapotafuta miwani. Anza na pigo lenye nguvu. Wakati sauti inaendelea, weka juu yake zile picha za karibu za mikono na vyombo. Hapo hata ukikata maneno, macho hayaoni mshono. Mapambo ya kuruka na kuzunguka muwaachie wanaotangaza soda.

Andika maneno chini ya picha, kwa sababu watu wengi hutazama ndani ya daladala au kazini bila sauti, na wapo ndugu zetu wasiosikia. Maandishi yawe makubwa, mistari miwili kwa wingi, na Kiswahili kiwe sanifu. Mwanafunzi wa shule hii akiandika "hinatoka" badala ya "inatoka" atakuwa amewaaibisha walimu watatu kwa herufi moja. Muziki uwe chini ya sauti ya mtu, na uwe ule unaoruhusiwa kuutumia. Wimbo una mwenyewe, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda.

Msidhani ufundi huu unahitaji mtaji mkubwa. Kijana Mmaasai wa hapa Tanzania, Yusuf Kimesera, anayejulikana kwa jina la Kili Paul, pamoja na dada yake Neema, walijulikana hadi India kwa video fupi za kufuatisha nyimbo za Kihindi. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja katika mazungumzo yake ya redio. Zitazameni video zile kwa jicho la mwanafunzi: nje, mwanga wa mchana, mtu katikati, vazi lake la nyumbani, jambo moja. Hawakuigiza kuwa watu wengine mahali pengine.

La sita ni ruhusa na hifadhi. Katika kundi letu la WhatsApp, mwenzetu mmoja aliweka video ya mwenzetu mwingine akiwa amelewa arusini. Ilikuwa na mwanga mzuri, sauti safi, na sekunde 20 tu. Kwa ufundi haikuwa na kasoro. Yule aliyepigwa alitoka kwenye kundi usiku uleule, na mkutano huu ni wa tatu asiofika. Kwa hiyo heshima niliyoitaja mwanzoni ina upande wa pili: anayeonekana aonekane kama alivyokubali kuonekana. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Lakini hata isingekuwapo, muulize mtu kabla, akimaliza muonyeshe, akisema futa, futa. Kwa mtoto, muulize na mzazi.

Na video yako itunze. Dakika moja huchukua megabaiti 60 hadi 130 hivi, kutegemea simu, basi angalia nafasi kabla ya kuanza. WhatsApp ikituma video kwa njia ya kawaida huibana na kuipunguzia ubora. Ukitaka ifike nzima itume kama hati. Ile ya asili iweke mahali pawili. Simu huibiwa, huanguka chooni, hufa. Mtandao si kabati.

Sasa nitoe mfano mmoja ili nisiwe kama mwalimu wa kuogelea asiyeingia majini. Mpishi wetu mstaafu yuko mstari wa mbele. Shikamoo, mzee. Nikitaka kumtengenezea video ya dakika moja, sentensi yangu ni hii: "Mtu huyu aliamka saa tisa usiku ili sisi tunywe uji." Nitampiga asubuhi saa mbili, mlangoni mwa jiko, uso ukielekea nje. Sekunde tano za kwanza: mikono yake kwa karibu ikikoroga kwa mwiko, na sauti yake ikisema, "Saa tisa nilikuwa nimekwisha amka." Sekunde kumi na tano: uso wake, akieleza kuni zilipolowa alifanyaje. Sekunde kumi: masufuria kwa mbali, moshi ukipanda. Sekunde ishirini: uso tena, akitaja siku asiyoisahau. Sekunde kumi za mwisho: anacheka, au ananyamaza, na mimi nisikate upesi, kwani kunyamaza kwa mzee nako ni maneno. Hiyo ni dakika moja. Matayarisho yake ni asubuhi nzima.

Ndugu wanafunzi, najua kanuni ya shule ni kwamba mwanafunzi haji na simu, nami sikuja kuivunja. Nimemwomba Mkuu wa Shule aifikirie klabu ndogo ya kumbukumbu, yenye simu moja ambayo itakaa kwa mwalimu mlezi na kutolewa siku za Jumamosi. Simu hiyo nimeileta. Ndiyo ile niliyomrekodia mwalimu wetu. Ni nzima. Kosa halikuwa lake.

Wahitimu wenzangu, ombi langu kwenu ni dogo zaidi. Kufikia mkutano ujao, kila mmoja alete dakika moja ya mtu mmoja aliyeijenga shule hii kwa mkono au kwa akili. Msingoje sherehe, wala msingoje simu bora. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika jambo hili huzika majina.

Namalizia. Wale vijana kumi na wawili wa tanuri, kama wapo hai, leo ni wazee wa miaka sabini na zaidi. Nimeitazama safu ya mbele tangu nilipoanza kusema, na nimeona wazee wawili wakinong'onezana nilipotaja tanuri lililoporomoka. Sitaki kuwalazimisha. Ila kama mmoja wenu alilala kando ya moto ule, au anamjua aliyelala, naomba tukutane saa kumi na nusu jioni nyuma ya maabara, kwenye kivuli cha mwembe. Nimepaangalia asubuhi: hapana upepo, mwanga unatoka upande wa uwanja, na benchi nimekwisha ligeuza. Nitauliza swali moja tu: majina yao.

Na lenzi nitaifuta kwanza.

Idumu shule yetu.